TALANTA ILIYOFUKIWA SI GHALA LA YUSUFU



Andiko la leo: Mathayo 25:14-30. Soma pamoja na Mwanzo 41.

Kila mwaka wa fedha ukifungwa Juni 30, tunasikia habari za pesa za kaunti zilizobaki. Nakuru yetu imewahi kuvuka Juni na mabilioni ambayo hayakutumika. Na wako wapendwa wanaosema, "Pastor, hiyo ni hekima. Hata Yusufu aliweka akiba."

Hapana. Tusimsingizie Yusufu.

Yusufu alitenga sehemu moja ya tano kwa mpango, akijua njaa inakuja. Njaa ilipofika, alifungua maghala watu wakala. Yule wa talanta moja hakuwa na mpango. Alichimba shimo akafukia, kisha akarudisha pesa ikiwa nzima, akidhani atapongezwa. Hakuiba hata senti! Bado alihukumiwa.

Kaunti si duka, na baki si faida. Kila shilingi ilipitishwa na bunge la kaunti ikiwa na kazi yake: iwe barabara Kuresoi, maji Gilgil au dawa Molo. Ikibaki, kuna mama ambaye bado anachota maji kwa punda, na pesa ya bomba lake imelala benki.

Ni kweli, Hazina ya Kitaifa huchelewesha pesa za kaunti. Tuiseme Nairobi bila woga. Lakini kuchelewa kwa pesa hakumzuii mtu kuandaa zabuni mapema. Mkulima wa Njoro hangoji mvua inyeshe ndipo atafute jembe.

Sasa, baki itumike vipi?

KWANZA, ilipe madeni. Mithali 3:27-28 inatukataza kumwambia jirani arudi kesho na haki yake tunayo mkononi. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unalia, na Mungu anausikia. Kuna kijana alikopa akajenga darasa la chekechea. Watoto wanasoma ndani, yeye anakimbizwa na benki. Deni lililohakikiwa lilipwe, la zamani kwanza. La uongo litupwe nje.

PILI, imalize kilichoanzwa. Luka 14:28-30 inamtaja mtu aliyeanza mnara akashindwa kuumaliza, akachekwa. Zahanati isiyo na paa haimtibu mtu. Msituzindulie jiwe jipya la msingi kabla ya la zamani kupata jengo.

TATU, hapa sasa Yusufu aingie. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Tulizika watu Mai Mahiu, Aprili 2024, mafuriko yalipowakuta usiku. Kule Kihoto, Naivasha, ziwa limefukuza watu nyumbani kwao. Akiba ya namna hiyo ina mpango, na Mungu anaibariki.

Isiende kwa safari, marupurupu na magari. Na watumishi wenzangu, tusikilizane: mwanasiasa akileta bahasha nono madhabahuni, na mwanakandarasi ambaye hajalipwa ameketi benchi la nyuma, hiyo si sadaka. Kaini naye alileta sadaka.

Kanisa, tuombe, lakini tusiishie kwa magoti. Sheria hiyo hiyo inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, amelalamika mara nyingi kwamba kaunti zinatumia kidogo mno kwa maendeleo. Mpango wa matumizi hufika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio kufikia Aprili 30. Kukiitishwa kikao cha maoni ya umma katika wadi yako, nenda. Muulize MCA wako maswali mawili: kilibaki ngapi, na kilikuwa cha nani?

Bwana wa talanta alirudi kufanya hesabu. Atarudi tena.

Baba, wape viongozi wetu mikono isiyoiba na isiyolala. Katika jina la Yesu.

Unayeamini, andika AMINA, kisha mtumie jirani wa wadi yako.