Bangili ikichuja, muuzaji hana budi kujibu

"Mali ikishauzwa hairudishwi." Maneno haya yamepigwa mhuri chini ya risiti nyingi, yamebandikwa kwenye kuta za maduka ya Kigoma, Kasulu na Bujumbura, na watu wetu wengi wanayasoma kama amri ya serikali. Si amri ya serikali. Ni matakwa ya mwenye duka, na mara nyingi ameyaandika akijua wazi kwamba bidhaa anayoiuza itamrudia.

Nayasema haya kwa sababu ya malalamiko ambayo hayaishi kunifikia juu ya vito vya kujipamba: bangili, mikufu, hereni na pete za ndoa zinazonunuliwa ng'ambo ya mpaka kwa jina la dhahabu, na baada ya wiki sita zinakuwa na rangi ya msumari wa zamani. Wapo watakaoniuliza kama nchi haina matatizo makubwa kuliko hereni za akina mama. Yapo. Lakini anayeuliza hivyo hajawahi kubeba maisha yake yote mkononi.

Ndugu zetu waliorejea kutoka Nyarugusu na Nduta tangu safari za kurudi kwa hiari zilipoanza mwaka 2017, na kabla yao wale waliokimbia mwaka 1972 wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wanalijua jambo hili vizuri. Mtu amelima, ameuza mahindi, amefuga mbuzi wawili watatu, kisha siku ya kuondoka inafika. Shilingi akizibadili njiani anapunjwa. Mbuzi hapandi basi. Basi anauza kila kitu na kununua bangili, kwa sababu bangili inavaliwa, haishikwi na mvua wala haihitaji akaunti ya benki, na akifika nyumbani ataiuza anunue mabati. Siku anapoipeleka kwa sonara na kuambiwa ni shaba iliyochovywa, kilichochuja si pambo. Ni nyumba.

Kwanza tukubaliane juu ya kitu kinachouzwa, maana hapa ndipo maneno yanapochezewa. Dhahabu safi ni karati 24. Ile ya karati 18 ina dhahabu sehemu 750 katika 1,000, na ndiyo maana hupigwa mhuri wa 750. Karati 22 ni 916, karati 14 ni 585, na karati 9 ni 375 tu, kinachobaki kikiwa fedha, shaba au madini mengine. Dhahabu ya karati 18 inaweza kukwaruzika na kupoteza mng'ao, lakini haibanduki, kwa kuwa ndani na nje ni kitu kimoja. Ikikwaruzwa, chini yake kuna rangi ile ile. Ile ya karati 9 inaweza kufifia kidogo, na hilo si wizi. Ya kuchovya ni habari nyingine kabisa. Hiyo ni shaba au chuma kilichopakwa utando wa dhahabu ambao mara nyingi haufiki hata maikroni moja, wakati unywele wa binadamu una unene wa maikroni 50 hadi 100. Utando huo unasuguliwa na nguo, sabuni, manukato na jasho mpaka unakwisha, ndipo shaba inapotokeza na kuacha alama ya kijani kwenye ngozi.

Muuzaji ataambiwa haya na atajibu, kama nilivyojibiwa mimi katika duka moja nililopeleka mkufu wa mke wangu: "Kaka, huyu mama damu yake ni kali." Jibu hili lina umri mrefu kuliko duka lenyewe. Ni kweli kwamba jasho la watu halilingani, na kwamba mmoja anaweza kumaliza rangi ya hereni za bei rahisi kwa mwezi mmoja na mwingine kwa miezi sita. Lakini karati 18 haiogopi damu ya mtu. Mkufu ule ulikuwa na mhuri wa 18K, na pembeni yake, kwa herufi ndogo zinazohitaji miwani, GP. Herufi hizo mbili maana yake ni kwamba umechovywa. Zikiwa HGE, ni vivyo hivyo. Zikiwa GF, utando ni mzito zaidi na utadumu, ila bado si dhahabu tupu.

Bei nayo ni shahidi. Mwezi Oktoba 2025 aunsi moja ya dhahabu ilipita dola 4,000 za Kimarekani katika soko la dunia, yaani karibu dola 128 kwa gramu moja. Kwa hesabu hiyo, bangili ya gramu 10 ya karati 18 ilikuwa na dhahabu ya zaidi ya dola 900 kabla sonara hajadai ujira wake. Anayekuuzia bangili hiyo kwa dola 60 na kuiita "dhahabu ya Dubai" hajakupunguzia bei. Dubai kwenyewe duka la dhahabu hukuandikia uzito, karati na ujira wa kutengeneza, kila kimoja peke yake, na bei ya gramu ya siku hiyo hubandikwa mahali pa kuonekana.

Je, sheria inasemaje? Inategemea umenunulia upande gani. Ukinunua Tanzania, ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, iliyotokana na ile ya Waingereza ya mwaka 1893: kitu kilichouzwa kwa maelezo fulani lazima kilingane na maelezo hayo, na mfanyabiashara wa bidhaa hiyo anahesabiwa kuwa ameahidi ubora unaostahili kuuzwa, hata kama mdomo wake haukusema. Ipo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumdanganya mlaji juu ya ubora au kiwango cha bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Kwa hiyo neno "dhahabu" likitoka kinywani mwa muuzaji, ni maelezo. Hawezi kusema baadaye kwamba alimaanisha rangi.

Ukinunua huku kwetu au Kongo, tuna urithi wa Wabelgiji, yaani kanuni ya kasoro iliyofichika iliyokuja na sheria ya mikataba ya mwaka 1888. Kitu kikiwa na kasoro ambayo macho hayakuweza kuiona siku ya kununua, mnunuzi anaweza kukirudisha na kudai fedha zake, au akabaki nacho na kudai apunguziwe bei. Muuzaji ambaye hakujua anaweza kujikinga kwa makubaliano kwamba hatoi dhamana. Aliyejua hana pa kujificha, na juu ya bei atalipa hasara aliyoisababisha. Hapo ndipo ule mhuri wa "hairudishwi" unapokwisha nguvu.

Lakini pande zote mbili sheria haimpendi anayelala. Huku kanuni inataka dai lipelekwe ndani ya muda mfupi tangu kasoro ijulikane. Kule, ukikaa na kitu muda unaopita kiasi bila kusema neno, unahesabiwa umekipokea, na haki ya kukirudisha inageuka kuwa haki ya fidia tu. Rangi ikianza kuonyesha shaba siku ya Jumatatu, usisubiri harusi ya shemeji ipite. Vua, funga kwenye karatasi, tafuta risiti, rudi.

Naona nimefika kwa watu ambao magazeti huwasahau, akina mama wanaovuka Manyovu na Mugina, au Kabanga na Kobero, na kadi za hereni kwenye kikapu. Wao ni wanunuzi asubuhi na wauzaji jioni. Mteja wa Makamba haendi kumdai mwenye ghala wa Kariakoo, anamdai Mama fulani wa sokoni anayejulikana kwa jina na kwa kilima chake. "Dada, uliponunua ilikuwa nzima." "Ilikuwa nzima, lakini uliniambia dhahabu." Kesi inafika kwa Bashingantahe, na Mama huyo hana karatasi ya kuonyesha kwamba hata yeye aliambiwa hivyo hivyo. Analipa kutoka kwenye mtaji, na mtaji wenyewe ni mkopo wa kikundi.

Kwake nina maneno mawili. Hereni za kadi ziuze kama hereni za kadi, sema "za kuchovya", na hakuna atakayekulaumu zikichuja baada ya miezi michache, kwa kuwa bei imeshasema ukweli. Kile unachokinunua kama dhahabu, kinunue kwa risiti yenye jina la duka, tarehe, uzito na karati. Mwenye duka akikataa kuandika karati, amekwisha kukujibu.

Najua pia kwamba haki iliyo mbali ni sawa na hakuna. Makao makuu ya Tume ya Ushindani yako mbali sana na Manyovu, na nauli ya kufuatilia bangili itazidi bei ya bangili. Ndiyo maana sioni faida ya kuendelea kuwahimiza watu "wadai haki zao" na kuishia hapo. Kobero na Kabanga tayari ni kituo cha pamoja cha mpakani, maofisa wa nchi mbili wakikaa mahali pamoja. Wanapima uzito wa malori. Sioni kwa nini pasiwe na mizani ndogo ya sonara, jiwe la kupimia na chupa ya tindikali, na mtu mmoja aliyefundishwa kuvitumia kwa ada ndogo. Hata glasi ya maji inaweza kuanza kazi: gramu 20 za karati 18 zinasukuma maji kiasi cha mililita moja na theluthi, na gramu 20 za shaba zinasukuma zaidi ya mbili.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani navyo vinaweza kuanza bila kusubiri serikali. Viandike orodha ya maduka yanayokubali kurudishiwa mali na yanayokataa, viibandike sokoni, na kila msimu wa harusi viifanye upya.