Kabla Hujalipia Ukumbi wa Ufukweni, Uliza Mita



Wiki hii hatuandiki habari za shela wala hina. Tunaandika habari za maji, na tunaomba mtusome mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wake unamhusu kila anayepanga harusi ya ufukweni.

Sisi ni washonaji. Tuko wanawake wanne na vyarahani vitano, pwani ya mashariki ya Unguja. Nusu ya kazi zetu ni nguo za harusi. Nusu nyengine ni sare na foronya za hoteli. Kwa hiyo mjue kwamba tunapoandika haya tunamgusa mteja wetu wenyewe, na huenda tukampoteza. Tumekaa tukashauriana, tukaona bora tuseme.

Kisima cha mtaani kwetu kilikuwa na maji baridi, tumeyanywa tangu utotoni. Sasa ukiyaonja unatema. Tukiyatia kwenye pasi ya mvuke yanaacha doa jeupe kwenye satini. Msimu uliopita shela ya bi harusi mmoja iliharibika hivyo siku mbili kabla ya nikahi, tukakesha kuishona upya. Tangu hapo tunanunua maji kwa madumu, hata ya kupigia pasi. Na nyumbani, anayetumwa dumu kabla ya kwenda skuli ni mtoto wa kike, si wa kiume.

Si mbali na hapo ipo hoteli yenye kisima chake cha kuchimba, bwawa la kuogelea na bustani inayomwagiliwa asubuhi na jioni hata jua la kaskazi likiwa kali. Je, hoteli ndiyo iliyotutia chumvi? Hatujui. Na kutojua huko ndiko kunakotukera. Hakuna jirani hata mmoja tuliyemuuliza aliyewahi kuona namba: wameruhusiwa kuvuta kiasi gani, wanavuta kiasi gani, nani alikuja kukagua na lini.

Kisiwa chetu kinakunywa maji ya chini ya ardhi, na maji hayo yanatokana na mvua za masika na vuli. Karibu na pwani maji baridi yanakaa juu ya maji ya bahari, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichota kwa kiasi, mvua inarudisha. Ukivuta kwa pampu kubwa usiku na mchana, chumvi inapanda, na ikishapanda kuiondoa ni kazi ya miaka. Chumvi haiingii kwenye kisima cha mwenye kosa peke yake. Inaingia kwa jirani pia.

Mwaka 2012 shirika la Uingereza lililoitwa Tourism Concern lilitoa ripoti ya maji na utalii iliyogusa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitajwa kutumia wastani wa lita 3,195 kwa siku. Chumba cha nyumba ya wageni, lita 686. Upande wa wenyeji, wastani ulikuwa lita 93.2. Tuhesabu kwa madumu ya lita 20: karibu madumu 160 kwa chumba kimoja, na kwetu sisi hayafiki matano. Namba hizo ni za zamani, na hoteli zimeongezeka.

Msiseme hakuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya 2015 ndiyo iliyoanzisha ZEMA, na mradi mkubwa unatakiwa ufanyiwe tathmini ya athari za mazingira na upate cheti. ZAWA nayo ipo kisheria tangu 2006. Lakini cheti ni karatasi ya siku ya kwanza. Sisi bi harusi tukimpima mwezi wa Rajabu kwa harusi ya Mfunguo Mosi, hatumkabidhi nguo bila ya kumjaribisha tena. Mwili unabadilika. Na hoteli inabadilika: inaongeza vyumba, inaongeza bwawa la pili. Kibali kisichorudiwa kupimwa ni nguo iliyoshonwa kwa kukisia.

Wapo waliolifanya. New Zealand ni visiwa kama sisi, ingawa ni vikubwa. Kule mabaraza ya mikoa ndiyo yanayotoa vibali vya kuvuta maji na kusimamia masharti yake. Kanuni za 2010 zinamtaka mwenye kibali cha lita 5 kwa sekunde au zaidi afunge mita, na mita yenyewe ihakikiwe kila baada ya miaka mitano. Mwaka 2020 kanuni zikakazwa: kwa awamu, vipimo vichukuliwe kila dakika 15 na vipelekwe barazani kila siku kwa mtandao. Hatusemi kwao hakuna ugomvi wa maji, upo mkubwa. Lakini wanagombana wakiwa na namba mkononi.

Na sisi Waislamu tusione kupima maji ni jambo la kigeni. Mtume (S.A.W.) amepokewa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita, na akikoga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Ibada yenyewe ina kipimo! Na tumefunzwa kwamba Waislamu ni washirika katika maji. Basi mshirika gani anayenyimwa kuona hesabu?

Mtatuambia hoteli zinaleta ajira. Tunajua, mabati ya duka letu yamenunuliwa kwa pesa za foronya. Lakini mita haimfukuzi mgeni. Hoteli inayotumia maji kwa haki, mita itaisafisha mbele ya majirani. Anayeiogopa mita ndiye wa kuulizwa.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Kila kisima cha hoteli kifungwe mita. Vipimo vyake vibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa shehia, pamoja na kiwango kilichoruhusiwa. Na anayezidisha atozwe faini itakayomuuma, si ya kulipwa kwa bei ya soda mbili za barazani kwake.

Sasa zamu yako, bi harusi. Unapokwenda kuangalia ukumbi, unauliza mapambo, chakula, faragha ya wanawake. Ongeza masuala mawili kabla hujalipa: kisima chenu kina mita? Cheti cha mazingira mnacho, na mara ya mwisho mmekaguliwa lini? Uliza kwa adabu, mbele ya mama na somo yako. Wakikujibu vizuri, lipa na ufurahi. Wakikucheka, kuna kumbi nyengine.

Mmoja akiuliza watamwona mjuba. Wakiuliza ishirini kabla ya Ramadhani, meneja atakwenda kununua mita.

Sisi tumeshaanza: foronya za mwezi huu tutazipeleka pamoja na suala hilo, kwa maandishi. Tuombeeni dua.