Kabla ya kukokota trela, muulize mwenye mkokoteni

SHULE zikifungwa utayaona kwenye barabara ya kuelekea Nakuru: pikapu au gari la familia lililojaa watoto, na nyuma yake trela dogo la magurudumu mawili lililorundikwa makochi, magodoro, mabati na baiskeli. Zamani mizigo kama hii ilipanda juu ya basi. Siku hizi fundi wa jua kali atakuchomelea trela kwa siku chache tu, na jirani mmoja akiwa nalo, mtaa mzima huliazima. Ni wachache wanaouliza litabeba kilo ngapi.

Kaka yangu hakuuliza. Mimi niliyeketi kando yake sikuuliza pia, ndiyo maana sina haki ya kumcheka mtu.

Ilikuwa Desemba, miaka michache iliyopita. Tulikuwa tukienda Gilgil, ambako kaka alikuwa akijenga. Ndani ya pikapu tulikuwa watano: yeye, shemeji, watoto wao wawili na mimi. Trela tulikuwa tumeliazima. Tulitanguliza makochi na kabati, kisha mifuko 30 ya saruji tukaipanga nyuma kabisa, mlangoni mwa trela, kwa kuwa ndiyo ingeshushwa kwanza kwa fundi wa mawe. Tulijiona werevu. Shemeji alitazama akasema mbona sehemu ya nyuma ya pikapu imeinuka kidogo, nasi tukamwambia ndivyo trela zilivyo.

Tulipoanza kuteremka kuelekea Mai Mahiu, kabla ya kulifikia lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita Waitaliano mwaka wa 1942, nilihisi gari likivutwa kiuno. Kushoto, kulia, kushoto tena, na kila mara likizidi. Kaka alifanya ambalo wengi wetu tungefanya: alikanyaga breki kwa nguvu. Trela likaruka upande, chuma kilicholishikilia kikakatika, nalo likavuka barabara peke yake na kugonga mwamba upande wa mlima. Hapakuwa na gari lililokuwa likipanda wakati huo. Upande wetu wa kushoto lilikuwa bonde, na sipendi kulifikiria zaidi.

Dereva mmoja wa lori aliyekuwa nyuma yetu aliegesha akaja. Mzee mwenye mvi. Hakutugombeza. Aliitazama saruji iliyomwagika, akamuuliza kaka, "Kijana wangu, umewahi kusukuma mkokoteni?"

Kaka akajibu, "La, mzee."

"Basi siku moja nenda sokoni uwatazame wanaousukuma."

Nilikwenda, Marikiti, asubuhi moja. Mwenye mkokoteni hapakii ovyo. Akiweka magunia mengi nyuma ya magurudumu, mikono ya mkokoteni huinuka na kutaka kumnyanyua kutoka ardhini. Akiyaweka mengi mbele, humlalia hadi kiuno kikamuuma. Kwa hivyo huyapanga juu ya ekseli, kisha huyasogeza mbele kiasi kidogo, ili mikono imlemee kidogo tu. Wanafunzi wa fizikia mtatambua kuwa hii ni wenzo, na magurudumu ndiyo egemeo. Trela la ekseli moja ni mkokoteni uliofungwa nyuma ya gari. Saruji yetu ilikuwa ikiinyanyua pikapu kama gunia linavyomnyanyua hamali, na gurudumu la nyuma lililonyanyuliwa halishiki barabara vizuri.

Kanuni, basi, ni kupanga vitu vizito chini, juu ya ekseli na mbele yake kidogo, na vyepesi kama magodoro nyuma. Katika kila kilo 100 za trela na mzigo wake, karibu kilo 10 ziwe zinalala kwenye mkono unaoshikana na gari, bila kupita kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Na shehena ifungwe kwa kamba. Mzigo uliopangwa vizuri Nairobi ukiteleza nyuma pale Limuru, umerudi kuwa mzigo mbaya.

Kuhusu uzito wenyewe, hesabu ni ya darasa la tano. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hivyo mifuko 20 ni tani moja. Gunia la mahindi la kawaida ni kilo 90. Tangi la lita 1,000 likijazwa maji ni tani moja kamili, mbali na tangi. Yetu 30 ilikuwa kilo 1,500 hata kabla ya kuhesabu makochi, kabati na chuma cha trela lenyewe, ambalo halikuwa na breki zake. Sasa fungua kitabu cha gari lako usome. Utakuta viwango viwili vya kukokota, kimoja cha trela lenye breki na kingine cha trela lisilo na breki. Katika magari mengi ya familia na hata pikapu, hicho cha pili hakizidi kilo 750. Sisi tulikuwa tumekipita mara mbili na zaidi.

Likianza kuyumba ukiwa barabarani, ondoa mguu kwenye mafuta. Shika usukani kwa nguvu na uuweke sawa, usijaribu kulifukuza trela kushoto na kulia. Usikanyage breki ghafla, wala usimsikilize anayekuambia uongeze mwendo ndipo linyooke. Kasi ikipungua litatulia, kisha egesha mahali salama upange mzigo upya, hata kama watoto wanalia njaa. Kwenye mteremko, ingia gia ya chini kabla hujaanza kushuka, ile ile ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo, ili injini isaidie kuzuia uzito. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika.

Hakikisha pia kuna mnyororo wa pili unaounganisha trela na gari, mbali na kile chuma cha katikati. Letu halikuwa nao. Taa za breki na indiketa za trela zifanye kazi, na trela liwe limesajiliwa kwa nambari yake lenyewe, zile za Kenya zinazoanza na herufi Z. Kabla ya safari mpigie simu wakala wako wa bima umuulize kama bima yako inagharamia unachokikokota. Jibu linaweza kukushangaza.

Jirani aliyetuazima, alipoona trela lake limerudi limepinda, hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kwani lilikuwa na kilo ngapi?" Kaka alinitazama mimi.

Sasa tuje kwa ndugu zake wakubwa, kwa kuwa siku hizi familia na hata vyama vya akina mama huchanga pesa wakanunua lori. Ukiwa na gari la uzito wa kilo 3,500 au zaidi, mzigo ukiwemo, unatakiwa kuingia kwenye mizani za barabara kuu kama zile za Mariakani, Gilgil, Webuye na Athi River. Hii ya mwisho ndiyo iliyoupa mji wa Mlolongo jina lake, kutokana na foleni ya malori yaliyokuwa yakingoja kupimwa.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 2016 inapima mambo mawili, uzito wa gari zima na uzito wa kila ekseli au kundi la ekseli. Gari zima halipaswi kuzidi tani 56, na hizo ni za lile lenye ekseli saba. Ekseli ya mbele inayoongozwa na usukani ni tani 8, ya magurudumu manne ni 10, ekseli mbili zilizo pamoja 18, na tatu zilizo pamoja 24, zikiwa na magurudumu pacha. Kwa hivyo trela la kawaida la ekseli sita linaishia tani 50. Wengi hunaswa na jambo la pili. Uzito wa jumla uko sawa, lakini ekseli moja imebeba za wenzake. Hapo ndipo utawaona matingo juani wakihamisha magunia kutoka nyuma kwenda mbele, kazi ambayo ingefanywa kivulini wakati wa kupakia.

Nimewasikia madereva wakidai kuwa tani mbili za ziada haziwezi kuidhuru barabara. Wahandisi walilipima jambo hili Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, kwa kupitisha malori juu ya barabara za majaribio hadi zikaharibika. Waligundua kuwa madhara hayapandi sambamba na uzito. Hupanda takriban kwa kipeo cha nne. Chukua ekseli ya tani 10 uipakie 12. Umeongeza moja ya tano ya uzito, lakini umeiumiza lami zaidi ya mara mbili. Yale matuta na mashimo ambayo gari lako dogo hulipia kwa springi mpya, mengine yalianza hivyo.

Kaka alimaliza nyumba yake. Saruji iliyobaki aliinunua Gilgil mjini, akaipeleka kwa safari nne, mifuko kumi kumi, ndani ya pikapu bila trela. Shemeji ndiye aliyekuwa akihesabu.

Jumapili ijayo, magurudumu: jinsi ya kusoma umri wake kwenye mpira kabla hujauziwa makuukuu kwa bei ya mapya.