Kiuno cha mchumaji chai nacho ni jeraha la kazini

Mtu akikatwa kidole na mashine kiwandani, kila mmoja hukubali kwamba ameumia kazini. Damu imeonekana na mashahidi wapo. Lakini mama aliyechuma chai Kericho au Bomet kwa miaka 15, na sasa hawezi kuinuka kitandani bila kushika ukuta, huambiwa ni uzee. Wengine humwambia ni baridi!

Kuchuma chai kwa mkono ni kazi ya kiuno. Mchumaji hujipinda kulia na kushoto akitafuta majani mawili na chipukizi, huku kikapu mgongoni kikizidi kuwa kizito, tena kwenye mteremko unaoteleza kwa mvua. Kwa kuwa malipo ni kwa kilo, kupumzika ni kujipunguzia mshahara. Misuli huchoka, diski za uti wa mgongo hulika polepole, na neva ikibanwa maumivu hushuka hadi unyayoni. Tembe za maumivu humrudisha shambani kesho yake, na jeraha huendelea.

Jambo hili limefika hata Scotland. Zaidi ya wachumaji 1,000 waliishtaki huko kampuni ya James Finlay (Kenya), iliyosajiliwa Scotland, wakidai fidia. Kampuni ilikana madai hayo. Novemba 2023 majaji wa rufaa mjini Edinburgh walisimamisha kesi ili madai yapitie sheria yetu ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini.

Vema, lakini sheria hiyo imezoea ajali. Mwajiri hutakiwa kuripoti ajali katika muda wa siku 7. Je, mgongo ulioharibika kwa miaka 15 uliumia siku gani? Bahati nzuri sheria inatambua pia magonjwa yatokanayo na kazi, na hapo ndipo waganga wa zahanati za mashambani wanapotakiwa kuamka. Kuandika "maumivu ya mgongo" kwenye kadi hakumsaidii mgonjwa. Waandike anafanya kazi gani, kwa miaka mingapi, na hubeba mzigo kiasi gani.

Wanaosema mashine zitamaliza tatizo hili wakumbuke kwamba nyingine hubebwa na watu wawili kwa mikono, injini ikiwatikisa mabega kutwa.

Na mchumaji ambaye mguu unakufa ganzi, au anashindwa kuzuia mkojo, asingoje mwisho wa mwezi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.