TOPE KWANZA, CHUJIO BAADAYE

Wanachama wenzangu, masika yakifika hapa Kapsokwony maji ya visima vyetu huwa mekundu kama udongo wenyewe. Mwaka jana baba alinunua chujio la bei ghali. Wiki moja tu, tope likaliziba!

Kosa halikuwa la chujio, lilikuwa letu. Yaache maji yatulie kwenye mtungi usiku kucha, yamimine polepole, kisha yapitishe kwenye ndoo ya mchanga na kokoto zilizooshwa. Hapo ndipo chujio litadumu.

Je, maji yakishang'aa ni salama? Hasha! Vijidudu vya homa ya matumbo havionekani kwa macho. Chemsha, ama utie klorini, ambayo kwenye tope huishiwa nguvu.

Wazazi wetu, mchanga kwanza, duka baadaye. Haraka haraka haina baraka.