Konokono Mmoja Anatosha

Malambo na majaruba ya Shinyanga yakikauka, wengi hudhani kichocho nacho kimekauka. Sivyo. Konokono anayeeneza kichocho cha mkojo hujifukia matopeni na kulala hadi mvua zirudi.

Tena, maumbile yake ya uzazi ni ya ajabu. Yeye ni dume na jike kwa pamoja: tezi moja mwilini mwake hutoa mayai na pia mbegu za kiume. Akikosa mwenzake, hujitungisha mwenyewe, akabandika mayai yenye ute kwenye majani ya majini. Basi dawa ya kuua konokono ikimsaza mmoja tu, lambo laweza kujaa tena.

Kwa sababu hiyo twaona ni makosa kutegemea kuua konokono peke yake. Konokono hazaliwi na kichocho. Huambukizwa na sisi tunapokojoa majini. Kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Geita, kuna kichocho cha tumbo. Huenezwa na konokono wa aina nyingine, naye pia ni dume na jike. Huyo huambukizwa na kinyesi chetu.

Vijiji na kambi za wachimbaji zijenge vyoo kwanza. Watoto wameze dawa zinapogawiwa shuleni. Mtoto akikojoa damu, tusiseme amekua, tumpeleke zahanati. Wasichana wasisahauliwe, maana kichocho cha mkojo huweza kuharibu viungo vyao vya uzazi.

Konokono hatummalizi. Choo twaweza kuchimba.