Chanjo na Mtandao wa Giza

Desemba 2020, siku chache kabla Umoja wa Ulaya haujaidhinisha chanjo yake ya kwanza ya Uviko-19, ilitangazwa kwamba wadukuzi wameingia katika mifumo ya Shirika la Dawa la Ulaya, Amsterdam. Walichukua nyaraka za chanjo ya Pfizer na BioNTech. Muda mfupi baadaye zikazagaa mtandaoni, hata kwenye mtandao wa giza. Shirika lilieleza kwamba baadhi ya barua zilichezewa kabla ya kuvujishwa, kwa namna inayoweza kuvunja imani ya watu kwa chanjo. Mwizi wa kawaida huuza alichoiba. Huyu alikihariri kwanza.

Mtandao wa giza si uchawi. Hufikiwa kwa Tor, programu iliyotokana na utafiti wa jeshi la wanamaji la Marekani miaka ya 1990, ambayo hupitisha ujumbe kwenye kompyuta kadhaa, kila moja ikijua tu iliyotangulia na inayofuata. Humkinga mwandishi wa habari aliye hatarini. Humficha na tapeli anayedai kuuza chanjo. Lakini anayejua kwamba chanjo ile ya Pfizer ilihitaji baridi ya takriban nyuzi 70 chini ya sifuri hatababaishwa na kichupa kinachouzwa huko na kutumwa kwa bahasha.

Kuelewa haya kunahitaji masomo mawili kwa pamoja, lakini shule zetu hufundisha kinga ya mwili kwenye baiolojia, na kompyuta katika chumba kingine, mara nyingi chenye kufuli. Wizara za elimu ziwape wanafunzi mkasa huu wa Amsterdam, na swali moja la mtihani: hati iliyoibwa huthibitishwaje?